Mtoto wa mbwa wa elfu sitini: mzalishaji analipwa kwa kazi gani?

"Mbwa anazaa mwenyewe. Wewe umefanya nini cha kulipwa elfu sitini?" Anayeuza watoto wa mbwa waliozalishwa kwa utaratibu huulizwa swali hili karibu kila anapotaja bei, na mwulizaji hana ubaya wowote. Barabarani Nairobi kuna vijana wanaowauzia wenye magari watoto wa German Shepherd, au wanaoitwa German Shepherd, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Wote wana manyoya mazuri, wote wanatingisha mkia. Tofauti haionekani kwa macho, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya mimba kutungwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukataa kuzalisha.

Tuweke maneno sawa kwanza. Mzalishaji, katika makala haya, ni mtu anayempandisha jike kwa dume kwa makusudi na ana sababu ya kuwachagua hao wawili. Jirani ambaye jike wake aliponyoka usiku akarudi na mimba si mzalishaji, hata akiwauza watoto. Nasaba ni orodha ya wazazi, babu na bibi wa mbwa vizazi kadhaa nyuma. Kenya, chama kinachosajili mbwa wa mbegu, yaani wa aina moja isiyochanganywa, na kutoa vyeti vya nasaba ni East Africa Kennel Club. Na uadilifu, neno linalotapakazwa ovyo kwenye matangazo, nitalichukua kwa maana nyembamba: mzalishaji mwadilifu hubeba mwenyewe gharama ya madhara yanayoweza kuzuilika, hamtwishi jike, mtoto wala mnunuzi.

Cheti cha nasaba ndicho kinachowapoteza wengi. Mnunuzi akionyeshwa huamini kwamba amenunua mbwa mwenye afya. La. Cheti hicho ni kama cheti cha kuzaliwa cha binadamu: kinasema mama ni nani, baba ni nani na ulizaliwa lini, lakini hakisemi kama una kifua kikuu. Mbwa mwenye vizazi vitano vya mabingwa kwenye karatasi anaweza kuwa na nyonga mbovu. Afya ina karatasi zake nyingine, na kuzipata ndiko kunakokula muda na pesa.

Chukua hiyo nyonga. German Shepherd, tangu Max von Stephanitz alipoanza kumsajili huko Ujerumani mwaka 1899, amekuwa mbwa wa kazi: kuchunga kondoo, kisha polisi, jeshi, ulinzi wa nyumba. Ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa sana na kasoro ya nyonga pia. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kukaa barabara ndani ya kikombe cha nyonga. Kikombe kikiwa kifupi au kiungo kikiwa legevu, mfupa huchezacheza, gegedu hulika, na baada ya miaka kadhaa mbwa anahangaika kuinuka asubuhi. Rottweiler, Labrador na Boerboel nao wamo katika orodha hiyo. Akiwa na wiki nane, mtoto atakayeugua hukimbia kama wenzake, na hakuna mnunuzi atakayeigundua kasoro hiyo kwa kumtazama.

Kinachowezekana ni kuwapiga wazazi wake eksirei. Mbwa hutiwa dawa ya usingizi, hulazwa chali, miguu ya nyuma huvutwa ikanyooka na magoti kugeuzwa ndani kidogo, ndipo picha ipigwe. Mwili ukilala upande kidogo tu, picha haifai, irudiwe. Kisha husomwa na mtaalamu na kupewa daraja. Orthopedic Foundation for Animals, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1966, halitoi daraja la kudumu la nyonga mpaka mbwa afikishe miezi 24.

Sasa piga hesabu. Jike analelewa miaka miwili: chakula kila siku, chanjo, dawa ya kupe, dawa ya minyoo, mafunzo. Ndipo apigwe picha. Picha ikirudi mbaya, mzalishaji mwadilifu humfunga kizazi akabaki mbwa wa nyumbani, na miaka miwili ile haimletei hata shilingi moja. Mwingine ana nyonga safi lakini ni mwoga kupindukia, anamng'ata mgeni kwa hofu; huyo naye haendelei. Kwa hiyo bei ya mtoto wa jike aliyefaulu imebeba pia chakula cha majike waliofeli. Mfugaji wa kando ya barabara hana gharama hii, si kwa sababu mbwa wake wote ni wazima, bali kwa sababu hakuna aliyefeli. Hawakupimwa.

Je, wazazi wenye nyonga safi huzaa watoto wenye nyonga safi? Mara nyingi, si mara zote. Kasoro ya nyonga haitokani na jeni moja. Ni jeni nyingi zinazochangia kila moja kidogo, tena uzito uliozidi na ukuaji wa haraka huzidisha. Kuwapima wazazi hupunguza hatari, hakuifuti, na anayekuhakikishia kwamba mtoto wake hatapata kamwe anakudanganya au hajui.

Kuna magonjwa yenye hesabu nyepesi zaidi. German Shepherd huweza kupata ugonjwa wa uzeeni unaoharibu uti wa mgongo polepole mpaka miguu ya nyuma ikapooza. Huu una kipimo cha vinasaba, na sampuli huchukuliwa kwa kusugua pamba ndani ya shavu. Mtoto hurithi nakala moja ya jeni kutoka kwa kila mzazi. Mwenye nakala moja mbovu huitwa mbebaji: kwa kawaida haumwi, lakini anaweza kuipitisha. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili mbovu na kuwa hatarini. Mbebaji akipandishwa na asiyebeba, hakuna mtoto atakayepata mbili. Maana yake mbebaji hahitaji kutupwa. Anahitaji mwenzi aliyepimwa. Bila kipimo, mnacheza kamari na mwenye kulipa deni ni mbwa.

Halafu kuna udugu. Mahali ambapo mbwa wa mbegu walioletwa kutoka ng'ambo ni wachache, dume mmoja akisifika kila mtu humtaka, na baada ya miaka michache nusu ya watoto wa mji wana babu mmoja. Kasoro yoyote aliyoificha dume huyo inaanza kukutana na nakala yake. Chama cha Uingereza, The Kennel Club, kiliacha kusajili watoto wa mama na mwanawe, baba na binti, au ndugu wa damu moja mwaka 2009, na wakati huo kilikuwa na umri wa miaka 136. Mabadiliko hayo yalichelewa kwa sababu ndoa hizo za karibu zilikuwa njia ya mkato ya kupata watoto wanaofanana, na bado kuna wanaozitumia huku wakiziita "kulinda damu."

Mpaka hapa hakuna mtoto aliyezaliwa. Hakuna hata aliyepandishwa.

Jike hupata joto, yaani kipindi cha kutaka dume, kila baada ya miezi sita hivi, na hudumu karibu wiki tatu. Siku anazoweza kushika mimba ni chache ndani ya hizo, na hazilingani kwa majike wote, kwa hiyo anayetaka uhakika humpeleka jike kutolewa damu mara kadhaa ili kiwango cha homoni kifuatwe. Kabla ya hapo wote wawili, jike na dume, hupimwa. Bakteria aitwaye Brucella canis huwatoa majike mimba na anaweza kumwambukiza binadamu. Uvimbe wa zinaa, unaoonekana kama nyama nyekundu inayochuruzika damu kwenye sehemu za siri, hupita mbwa hadi mbwa kwa kupandana, na huku kwetu ambako mbwa wengi wanazurura si jambo la nadra. Dume wa kukodi aliyepandishwa kila wikendi bila kupimwa ni njia nzuri ya kuusambaza mtaa mzima.

Watu husema jike lazima azae angalau mara moja ili awe na afya. Daktari wa mifugo hatakuambia hivyo. Kuzaa hakumkingi na chochote. Mimba ni hatari inayoongezwa. Kinachomkinga na usaha wa mji wa mimba, ugonjwa unaowaua majike wengi wa umri wa kati na wazee, ni kufungwa kizazi.

Mimba huchukua takriban siku 63. Katika theluthi ya mwisho chakula huongezwa, na akinyonyesha watoto wengi atahitaji mara mbili hadi mara nne ya mlo wake wa kawaida. Hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema: kumpa jike mwenye mimba vidonge vya kalsiamu "ili awe na maziwa." Mwili ukiletewa kalsiamu nyingi kutoka nje huzembea kuitoa kwenye mifupa yake, na wiki za kwanza za kunyonyesha, mahitaji yanapopanda ghafla, jike anaanza kutetemeka na kukakamaa. Ni dharura, na humwua haraka asipodungwa dawa.

Usiku wa kuzaa ndio ungependa kumwonyesha yule aliyesema mbwa anazaa mwenyewe. Joto la mwili wa jike, ambalo kwa kawaida huzidi nyuzi 38, hushuka chini ya 37 siku moja hivi kabla, kwa hiyo mzalishaji amekuwa akimpima asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Anajua namba ya daktari atakayepokea simu saa nane za usiku, na anajua lini ampigie: jike akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au saa mbili zikipita ilhali bado kuna watoto tumboni. Taulo ziko tayari. Mtoto akitoka na mama asipomfungua utando haraka, mtu aufungue, amfute pua, amsugue mpaka alie. Kila mmoja anawekwa kwenye mizani ya jikoni na kufungwa uzi wa rangi shingoni: mwekundu gramu 480, bluu 455, kijani 390. Kesho saa ile ile wanapimwa tena, na keshokutwa, na siku zote za wiki mbili za kwanza. Mtoto mwenye afya huongeza uzito wake mara mbili ndani ya siku kumi hivi. Kijani asipoongezeka leo, anashikishwa chuchu ya nyuma yenye maziwa mengi wenzake wakiwa wametolewa kando. Asipoongezeka kesho, anaanza kupewa maziwa maalumu kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana.

Baridi ndiyo adui wa kwanza. Katika wiki ya kwanza mtoto wa mbwa hawezi kutetemeka ili kujipasha joto. Sanduku lake linahitaji nyuzi 30 hivi. Usiku wa Julai Nairobi huenda ukawa na nyuzi 11. Taa ya joto inawaka, na stima ikipotea mtu huamka kuchemsha maji na kuyatia kwenye chupa zilizofungwa taulo. Banda la mabati nyuma ya nyumba halina mtu wa kuamka.

Nimeepuka kutaja bei za dawa kwa sababu zinatofautiana kutoka kliniki hadi kliniki, lakini idadi unaweza kuihesabu mwenyewe. Minyoo ya mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni, kwa hiyo dawa huanza mtoto akiwa na wiki mbili na hurudiwa kila wiki mbili: wiki ya 2, 4, 6 na 8. Watoto wanane mara nne ni dozi 32, mbali na za mama. Chanjo ya mseto ya kwanza hutolewa wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16.

Kwa nini irudiwe? Hapa watu wengi huhisi wanaibiwa. Mtoto hupata kinga kupitia maziwa ya kwanza ya mama, na kinga hiyo hiyo huizima chanjo kabla haijafanya kazi. Hupungua taratibu, kwa mmoja ikaisha wiki ya 7, kwa mwingine wiki ya 13, na kwa kutazama huwezi kujua ni lini. Dozi hurudiwa ili angalau moja ikute mlango uko wazi. Pengo hilo ndilo linalotumiwa na virusi vya parvo, vinavyomaliza watoto kwa kuhara damu na vinavyoweza kuishi kwenye udongo miezi mingi. Ndiyo maana mzalishaji makini hukuvulisha viatu getini au kukukanyagisha kwenye beseni la maji yenye Jik, na ndiyo maana aliyepoteza mtoto kwa parvo akanunua mwingine mwezi uliofuata na kumweka ua ule ule mara nyingi humpoteza na huyo.

Tangazo likisema mtoto wa wiki sita "amemaliza chanjo zote ikiwamo ya kichaa cha mbwa," limejifunga lenyewe. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu. Omba kadi. Kadi ya kweli ina kibandiko kilichobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo chenye namba ya toleo, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari, ambaye kwa Kenya lazima awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kadi yenye tiki za kalamu ya bluu peke yake ni karatasi tu.

Kati ya wiki ya 3 na ya 12 au 14 kuna kazi nyingine isiyo na risiti. Katika kipindi hicho ubongo wa mtoto unaamua mambo gani ya dunia ni ya kawaida na yapi ni ya kutisha. Anatakiwa asikie mvua juu ya mabati, mlio wa jiko la presha, honi ya matatu. Aone mzee mwenye mkongojo, mtoto anayekimbia, mwavuli ukifunguliwa. Akanyage simenti, nyasi na matope. Ashikwe masikio na kucha. Huku kwetu imani ni kinyume chake: mfungie gizani, akue mkali. Anayekua hivyo huwa mwoga, na mwoga hang'ati kwa kuchagua. Atamwacha mwizi anayejiamini na kumng'ata binti wa jirani aliyeingia kuchukua mpira.

"Lakini watoto wanane mara elfu sitini!" Ngoja. Mmoja au wawili huenda wasiishi wiki ya kwanza hata kwa uangalizi mzuri. Mwenye dume mara nyingi huchukua mtoto mmoja kama malipo, tena achague wa kwanza. Mzalishaji hubakisha mmoja wa kuendeleza. Kama jike alipasuliwa ili azae, bili hiyo huweza kumeza watoto wengine. Na kuna mnunuzi atakayepiga simu baada ya mwaka, amehama, hawezi tena kukaa na mbwa. Mzalishaji mwadilifu aliahidi kumpokea mbwa huyo wakati wowote, na nafasi na chakula vinatakiwa viwepo. Wanunuzi wengine hukataliwa kabla ya hapo. Huulizwa nyumba ina ukuta au uzio gani, mchana nani yupo, mbwa aliyetangulia alikufaje. Wengi huudhika: "Natoa pesa yangu, unanihoji kama naposa?" Kwa kiasi fulani, ndiyo, unahojiwa hivyo.

Sasa niingie mahali ambapo hesabu hii yote inapwaya. French Bulldog, mwenye uso bapa na masikio ya popo, mwaka 2022 alimpita Labrador kwa usajili nchini Marekani, baada ya Labrador kuongoza miaka 31, na mtindo huo umefika mpaka Nairobi. Kichwa chake ni kikubwa na nyonga za mama ni nyembamba. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa mbwa hawa, na wa Bulldog wa Kiingereza, ulikuwa wa upasuaji. Wengi hukoroma hata wakiwa macho, kwa sababu njia ya hewa imebanwa, na joto la Mombasa linaweza kuwaua kwa matembezi ya adhuhuri. Uholanzi imefikia kupiga marufuku kuzalisha mbwa ambaye pua yake ni fupi kuliko theluthi moja ya kichwa. Mzalishaji wa mbwa hawa anaweza kutumia pesa nyingi kuliko wote niliowaeleza, kila senti kwa uaminifu, na bado kwa maoni yangu hajafikia uadilifu. Gharama kubwa zaidi amemtwisha jike, anayepasuliwa ili umbo tunaloliona zuri liendelee. The Kennel Club hukataa kusajili watoto wa jike aliyekwisha kupasuliwa mara mbili, au aliyekwisha kuzaa mara nne. Ni mpaka wa chini mno, lakini ni mpaka.

Kwa hiyo bei kubwa si ushahidi wa chochote. Tapeli anaijua elfu sitini kama unavyoijua wewe, na kuiandika kwenye tangazo ni bure. Uingereza ilijaribu kuziba mwanya huo kwa sheria iitwayo Sheria ya Lucy, kwa jina la jike wa aina ya Cavalier aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha watoto wa mbwa huko Wales, mgongo umepinda kwa kuishi kizimbani. Tangu Aprili 2020, England hairuhusu mfanyabiashara wa kati kuuza watoto wa mbwa au paka walio chini ya miezi sita. Unanunua kwa aliyezalisha, ukimwona mtoto pamoja na mama yake, mahali alipozaliwa. Huku kwetu kuna sheria za kuzuia ukatili, Sura ya 360 ya sheria za Kenya na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008, lakini hilo la kumwona mama unaweza kulitekeleza mwenyewe leo bila kungoja bunge.

Nenda mpaka nyumbani kwa muuzaji. Mwone mama: amekonda kiasi gani, anakukaribia au anajikunyata? Omba picha za eksirei, si maneno "wamepimwa." Uliza jike huyu amezaa mara ngapi na ana umri gani. Kisha uliza swali ambalo wengi hawalitarajii: majike waliostaafu wako wapi? Mtu anayewatunza atakuonyesha mzee mmoja amelala kwenye kivuli cha baraza. Anayewauza wakishachakaa ataanza kubabaika.

Na kama unachohitaji ni mbwa wa kubweka getini na kupendwa na watoto, huhitaji mbegu wala elfu sitini. Kituo cha KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama, Nairobi kina mbwa wanaotafuta makao, na jike wa jirani aliyezaa kwa bahati mbaya ana watoto wanaohitaji watu pia. Pesa uliyookoa ipeleke kwa daktari: chanjo zote mpaka wiki ya 16, kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyopanga, dawa ya kupe, na kufunga kizazi kabla ukoo wa bahati mbaya haujapata kizazi kingine.